Haki na Kikombe

Mgeni aingiapo katika ofisi ya mkuu wa shule ya sekondari, aghalabu huona vitu viwili kabla hajaketi: picha ya Rais ukutani, na kabati la vikombe. Vikombe hivyo vyaweza kuwa vimepauka, na vingine vimekatika mikono, lakini haviondolewi. Hatujapata kuona kabati lililotengwa kwa kumbukumbu za mashindano ambayo shule ilifungwa, wala hatusemi kwamba liwepo. Tunalotaka kulitazama hapa ni wazo lililojificha nyuma ya kabati lile, nalo ni kwamba aliyeshinda, pamoja na kuwa hodari, alikuwa pia upande wa haki. Kwamba ushindi ni ushahidi wa wema. Tukilikuta wazo hilo katika maneno ya mabeberu, waliodhani kwamba bunduki zao ziliwapa haki ya kututawala, hulikataa mara moja. Wazee waliosema mwenye nguvu mpishe walikuwa wakimwonya mnyonge, hawakuwa wakimsifu mwenye nguvu. Lakini tufikapo kwenye uwanja wa michezo, wazo lile lile twalipokea kwa vigelegele.

Je, jambo la haki lahitaji kushinda ndipo lionekane kuwa la haki? Swali hili si jepesi kama linavyosikika, na halifai kujibiwa hewani. Hebu tulipime kwa mfano wa shule moja ya mbali, ambayo habari zake zimeandikwa sana na hata kuchezwa katika filamu. Nyani haoni kundule, lakini ya wenziwe huyaona vizuri. Huenda tukiisha kuyaona ya wenzetu tutapata ujasiri wa kugeuka nyuma.

Alexandria ni mji ulioko ukingoni mwa mto Potomac, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, mwendo mfupi tu kusini ya Washington. Wakazi wake wengi huenda kazini katika mji mkuu asubuhi na kurejea jioni, kama wafanyavyo watu wa vitongoji vya Dar es Salaam au Nairobi. Lakini mji wenyewe ni wa kale, na katika mtaa wake wa Duke, kati ya mwaka 1828 na 1836, palikuwa na makao ya Franklin na Armfield, mojawapo ya makampuni makubwa kabisa ya kuuza watumwa katika Marekani. Utumwa ulipokwisha, ubaguzi ulibaki katika sheria. Mtoto Mweusi wa Alexandria hakuruhusiwa kusoma pamoja na mtoto wa Kizungu. Mwaka 1920 ilifunguliwa shule ya Parker-Gray kwa ajili ya watoto Weusi, ikapewa majina ya walimu wawili Weusi wa mji huo, John Parker na Sarah Gray; lakini kwa miaka mingi haikuwa na madarasa ya sekondari, na kijana aliyetaka kuendelea ilimbidi avuke mto kila siku kwenda Washington. Kutoka katika shule hiyo ya wanyonge alitoka Earl Lloyd, aliyehitimu mwaka 1946, na ambaye tarehe 31 Oktoba 1950 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya mpira wa kikapu ya nchi yake. Jina la Lloyd tutalirudia.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi zao ni kuvunja katiba. Wakuu wa Virginia walikataa kutii. Mwaka 1958 gavana wa jimbo alizifunga baadhi ya shule za Wazungu kuliko kuona watoto Weusi wakiingia humo, na wilaya ya Prince Edward ilizifunga shule zake zote za umma tangu mwaka 1959 hadi 1964. Tufikiri maana yake: watu wazima wenye akili timamu waliona ni afadhali watoto wao wenyewe wengi wakose shule kuliko kukaa dawati moja na jirani. Katika Alexandria, msimamizi mkuu wa elimu wa mji alikuwa Thomas Chambliss Williams. Bwana huyu aliutetea utengano kwa nguvu zake zote. Mwaka 1958 mama mmoja Mweusi, mpishi katika shule moja ya mji, alijiunga na kesi ya kutaka watoto wake wakubaliwe katika shule za Wazungu. Williams akamwachisha kazi. Hata hivyo mahakama ilishika neno lake, na tarehe 10 Februari 1959 watoto tisa Weusi waliingia katika shule tatu zilizokuwa za Wazungu peke yao.

Mwaka 1965 mji ulifungua shule mpya ya sekondari, ya wanafunzi wa rangi zote. Ikaitwa T. C. Williams. Mwaka huo huo Parker-Gray ikaacha kuwa shule ya sekondari. Yafaa tuusome mpango huu polepole, maana ndimo ilimo nusu ya hoja yetu. Watoto waliunganishwa, lakini jina lililofutwa katika sekondari za mji lilikuwa la walimu wawili Weusi, na jina lililopandishwa mlangoni lilikuwa la mtu aliyekuwa amepigana ili watoto hao wasiunganishwe.

Muungano huo haukukamilika. Shule mbili nyingine za sekondari, George Washington na Francis C. Hammond, ziliendelea, na kwa kuwa watu wa rangi mbalimbali waliishi mitaa mbalimbali, Hammond ilibaki karibu yote ya Wazungu. Mwezi Mei 1970 kijana mmoja Mweusi aliuawa kwa risasi na meneja wa duka, Mzungu, na kwa siku kadhaa mji ukawaka fujo. Mwaka uliofuata mji ukaamua kwamba wanafunzi wote wa madarasa mawili ya mwisho, kutoka shule zote tatu, wasome T. C. Williams, na wadogo wao wagawanywe katika zile mbili. Vijana waliokuwa wakishindana uwanjani mwaka jana wakawa wa shule moja mwaka huu. Basi likazuka swali ambalo kwa mgeni laweza kuonekana dogo: nani atakuwa mkufunzi mkuu wa timu ya mpira?

Twapaswa kueleza kwamba mpira wa Kimarekani si kandanda yetu. Unachezwa kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu, kwa kukumbana na kuangushana, watu 11 kila upande wakiwa wamevaa kofia ngumu. Katika miji ya Marekani timu ya shule si mchezo wa wanafunzi tu. Ijumaa usiku mji mzima huenda kuitazama, na mkufunzi wake hujulikana kuliko mkuu wa shule. Wengi walimtazamia Bill Yoast, Mzungu, aliyekuwa amefundisha Hammond kwa miaka mingi na kupendwa na vijana wake. Kazi akapewa Herman Boone, Mwafrika wa Marekani. Yoast angeweza kuondoka. Alibaki, akawa msaidizi.

Mwezi Agosti 1971 timu ilipelekwa Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania, mahali palipopiganwa mojawapo ya vita vikubwa vya kukomesha utumwa mwaka 1863. Huko vijana Weusi na Wazungu walilala vyumba vimoja, wakala pamoja na kufanya mazoezi pamoja mpaka wakachoka pamoja. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo lilipotendeka tendo lenye thamani. Hakuna kikombe kilichokuwa kimeonekana bado, wala hapakuwa na mtu aliyejua kama kitaonekana. Kijana aliyekubali kulala chumba kimoja na yule ambaye wazazi wake walimkataza kucheza naye, alikubali bila kuahidiwa malipo yoyote.

Mengine ni matokeo. Timu ilicheza mara 13, ikashinda mara 13. Tarehe 4 Desemba 1971, katika fainali ya jimbo iliyochezwa Roanoke, iliifunga shule ya Andrew Lewis ya Salem kwa pointi 27 kwa 0.

Sasa kabla hatujapiga vigelegele, tuhesabu. Timu hii ilichagua wachezaji wake miongoni mwa vijana wakubwa wa shule tatu nzima zilizounganishwa. Wapinzani wake hawakupata bahati hiyo. Kila mmoja alichagua katika shule yake. Hatusemi hivi ili kupunguza jasho la vijana wale, maana kuna timu nyingi zenye wachezaji bora ambazo hushindwa kwa sababu ya ugomvi wa ndani. Twasema tu kwamba ushindi una wazazi wengi, na mmojawapo wa wazazi wa ushindi huu alikuwa hesabu ya kujumlisha. Anayetaka kuuleta mbele ya baraza kama shahidi wa undugu ajue kwamba shahidi huyu ana mengi mengine ya kusema.

Mwaka 2000 ilitengenezwa filamu juu ya timu hiyo, na Denzel Washington akawa Boone. Filamu ni nzuri kuitazama, na imewatoa watu machozi katika nchi nyingi. Lakini wasanii wake walijua wazo lile la kabatini, wakalitumikia. Fainali ya pointi 27 kwa 0 haikuwafaa. Wakaifanya ngumu, ishindwe na kushindwa hadi dakika ya mwisho. Nahodha wa timu, Gerry Bertier, alipata ajali ya gari tarehe 11 Desemba 1971, wiki moja baada ya fainali, na tangu hapo hakutembea tena kwa miguu yake. Katika filamu ajali inatangulizwa kabla ya fainali, ili ushindi uwe mtamu zaidi. Kijana huyu kwa kweli aliendelea kushindana katika michezo ya watu wenye viti vya magurudumu, hadi alipofariki katika ajali nyingine mwaka 1981. Maisha hayo ya miaka kumi ndiyo tungeyataka wanafunzi wayajue, lakini sehemu kubwa yake haikupata nafasi, kwa kuwa hadithi ilikuwa imekwisha kupata kikombe chake.

Liko badiliko jingine ambalo twaliona kuwa zito kuliko hayo. Filamu inatuonyesha kwamba timu ile peke yake ndiyo iliyokuwa na vijana wa rangi mbili, na wapinzani wote walikuwa Wazungu watupu. Ukweli sivyo. Kufikia mwaka 1971 shule zilizocheza nayo nazo zilikuwa zimekwisha kuchanganya wanafunzi. Huko nako palikuwa na wakufunzi waliopatanisha, na vijana waliojifunza kuaminiana, na wazazi waliokasirika. Walifanya kazi ile ile ya haki, kisha wakafungwa. Filamu haikuridhika kuwasahau, ilibidi iwavue hata wema wao, kwa sababu pande mbili zikiwa na haki sawa, ushindi hauwezi tena kuthibitisha lolote ila nani alikuwa na nguvu zaidi siku ile.

Mwalimu wa michezo anaweza kutujibu hivi: "Nyinyi mnaosema habari za haki tupu hamuijui hadhara. Watu hawabadilishwi na hoja. Wale Wazungu wa Alexandria waliokaa jukwaani na kumshangilia kijana Mweusi, je, wangekaa hapo kama timu ingekuwa inafungwa kila Ijumaa?" Jibu hili lina uzito, nasi hatulipuuzi. Yawezekana kabisa kwamba ushindi uliwatuliza watu wa mji ule na kuwapa jambo la kujivunia pamoja. Chombo kinachowavuta watu wakae jirani kina manufaa yake. Lakini kuvuta ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine. Anayekubali kukaa na jirani yake kwa sababu wameshinda, hajakubali bado kukaa na jirani yake. Amekubali kukaa na kikombe. Na je, mkufunzi Mweusi anayepewa kazi kwa kuwa anashinda, apewe nini mwaka atakaofungwa? Mkufunzi wa Kizungu aliyefungwa alihesabiwa kuwa mtu mmoja aliyefungwa. Mweusi alipofungwa, wengi walikuwa tayari kusema kwamba kabila zima limefungwa. Kumtaka mtu ashinde ndipo akubaliwe ni kumtoza kodi ambayo mwenzake hatozwi.

Boone aliijua kodi hiyo kabla hajafika Alexandria. Alikuwa amefundisha shule ya Weusi ya E. J. Hayes katika mji wa Williamston, North Carolina, na timu yake ilikuwa ikishinda karibu kila mara. Shule za mji zilipounganishwa, aliambiwa kwamba ukufunzi mkuu hautakuwa wake, maana mji haukuwa tayari kwa mkufunzi mkuu Mweusi. Huo ni ushahidi mkubwa kuliko wote katika habari hii, nasi twashangaa kwamba hautajwi mara kwa mara: ushindi wake mwingi haukumsaidia kitu. Hakuwa peke yake. Katika majimbo ya kusini, baada ya mwaka 1954, maelfu ya walimu Weusi walipoteza kazi zao, kwa kuwa kuunganisha shule kulikuwa na maana ya kuzifunga za Weusi na kuwaacha nje walimu wake. Boone aliposhika nafasi ambayo Yoast aliitumaini, alimwona mtu mwingine akitendewa kitu kinachofanana na kile alichotendewa yeye. Yoast alilipa na akakumbukwa. Walimu wa shule zilizofungwa walilipa maisha yao yote ya kazi, na wengi wao majina yao hayamo popote. Na Boone mwenyewe, mwaka 1979, aliondolewa katika ukufunzi kufuatia malalamiko juu ya namna alivyowatendea wachezaji. Haya nayo hayamo katika kabati.

Sisi Watanzania tunayo sababu maalumu ya kulifikiri jambo hili. Kabla ya uhuru, elimu ya Tanganyika ilikuwa na matundu matatu kama ya njiwa: shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, na kila tundu lilikuwa na fungu lake la fedha lisilolingana na la mwenzake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika mwaka 1962, iliuvunja mpango huo. Iliyokuwa Shule ya Wavulana ya Aga Khan, pale Upanga, Dar es Salaam, leo ni Tambaza. Kitendo kile hakikusubiri mechi. Hakuna aliyesema, "Kwanza tuone kama timu yenye Waafrika na Waasia itapata kikombe, ndipo tuamue kama wana haki ya kukaa darasa moja." Ilisemwa tu kwamba mtoto ni mtoto na nchi ni moja, na neno hilo likatosha. Tunaona fahari juu ya jambo hilo. Lakini waulizeni wanafunzi wenu wa kidato cha tatu habari za mwaka 1962 katika elimu, kisha waulizeni nani alifunga bao la mwisho katika mechi ya Simba na Yanga. Uamuzi uliokuwa wa haki tangu mwanzo, usiohitaji kikombe, haukupata msimulizi. Walimu wa historia mnaweza kuanzia hapo: wako bado, katika mitaa ya Upanga na Kisutu, wazee waliokuwa wanafunzi mwaka ule, na wanaweza kuulizwa siku ya kwanza ilikuwaje, nani aliketi na nani, na nani alihama.

Tumesema tutarudi kwa Earl Lloyd. Mwaka 2007 T. C. Williams ilipata jengo jipya, na uwanja wa mpira wa kikapu ndani yake ukapewa jina lake. Basi kwa miaka kadhaa jina la Mweusi aliyekatazwa kusoma na Wazungu lilikuwa sakafuni, na jina la mkuu wa elimu aliyeutetea ukatazo huo lilikuwa mlangoni. Vijana walipita chini ya la pili ili kwenda kuruka juu ya la kwanza. Wahitimu wengi wa shule, Weusi na Wazungu, walisita jina la mlangoni lilipotaka kuondolewa, wakisema kwamba ushindi wa mwaka 1971 ulikuwa umelisafisha. Twaielewa huruma yao, lakini hatukubaliani nao. Ushindi hausafishi, hufunika tu, na kilichofunikwa hubaki kilivyo. Mwishoni mwa mwaka 2020 halmashauri ya shule iliamua jina hilo liondoke, na tangu tarehe 1 Julai 2021 shule inaitwa Shule ya Sekondari ya Mji wa Alexandria. Timu zake zimebaki na jina lao la zamani, Titans.

Na wale wa Andrew Lewis? Jumamosi ile ya Desemba walirejea kwao Salem, mji ulio pua na mdomo na Roanoke, wakiwa na sifuri yao. Walikuwa wamefika fainali ya jimbo zima, jambo ambalo shule nyingi hazikulifikia. Mtu anayeitazama filamu leo akiwatafuta hatawaona. Mahali pao katika fainali pamepewa shule nyingine, ambayo T. C. Williams ilicheza nayo mapema katika msimu. Hata kufungwa kwao wamepewa wengine.